Viti Namba Tatu na Nne

Mimi ni mkatisha tiketi. Nilianza kazi hii hapa Kibondo wakati basi la Mwanza lilikuwa likifika na vumbi jekundu mpaka abiria wanashuka hawatambuliki. Leo lami imefika, dereva anavaa tai, na mimi bado niko kwenye dirisha lilelile. Wapo wanaosema nina mdomo. Ninao, sikatai. Anayetaka wakala mpole akae yeye dirishani siku shule zinapofungwa, kisha aje tuongee.

Kabla ya mfumo wa kompyuta tulikuwa na chati. Ilikuwa karatasi yenye miraba, kila mraba kiti kimoja, na ukiuza unaandika jina ndani yake. Basi lilianzia Kasulu alfajiri, likapita kwangu asubuhi, likaendelea Kakonko, Nyakanazi na Geita mpaka Mwanza. Wakala wa Kasulu alikuwa na chati yake na mimi yangu, na kila siku magharibi tulipigiana simu kusomeana viti. Yeye ni mwenye duka la vitenge karibu na soko, mtu wa swala tano, ana ndugu zake Tanga, na Kiswahili chake kimenyooka hivi kwamba mimi niliyekulia kwenye Kiha hujikuta napanga maneno kichwani kabla sijamjibu.

"Saba, dada?"

"Nimeuza."

"Nane?"

"Iko wazi. Usiiguse, kuna mtu ameniambia anakuja."

Hapo mtandao unakatika. Yeye anaiuza nane, na mimi naiuza nane. Asubuhi watu wawili wanasimama kwenye mlango wa basi, kila mmoja ameinua karatasi yake na anaapa kwa mama yake mzazi. Kuna siku mwalimu mmoja na mfuga nyuki mmoja walikalia kiti kimoja kutoka hapa mpaka Kakonko, kila mtu nusu, kwa sababu hakuna aliyekubali kuinuka. Lawama zote zilikuja kwangu. Wakala wa Kasulu yeye alikuwa mbali, na tena ana sauti nzuri, nani angemlaumu?

Ila katika chati yangu kulikuwa na viti viwili ambavyo havikugombaniwa kamwe, namba tatu na nne, nyuma tu ya dereva. Vilianza hivi. Alikuja mwanamume mmoja kutoka Busunzu, kijiji cha huku kwetu Kibondo, kofia ameishika mkononi. Mama yake alikuwa amefia Geita kwa binti yake, na mazishi yalikuwa siku hiyohiyo saa kumi jioni. Basi lilikuwa limejaa watu wa harusi. Nilimwambia hakuna nafasi, na nilimwambia kwa ile sauti yangu ya kufukuzia watu. Wiki iliyofuata akapita dirishani, akanisalimia vizuri, akanieleza kwamba alipata lori la mihogo na akafika wakati watu wananawa mikono kutoka makaburini. Hakunilaumu. Angenilaumu ningemjibu, maana kujibu najua. Mpaka leo nikikutana naye sokoni naona aibu.

Tangu hapo sikuuza tatu na nne mpaka nisikie basi limeshatoka Kasulu. Vilikuwa viti vya mwenye msiba na vya mgonjwa mwenye barua ya rufaa. Asipotokea mtu wa namna hiyo, basi likishaanza safari namuuzia yeyote aliyesimama mbele yangu. Hakuna bosi aliyewahi kuniuliza, kwa kuwa chati ilikuwa yangu na kalamu ilikuwa yangu.

Kisha ukaja mfumo. Kampuni ilituita mawakala wote Kasulu, kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni, tukafundishwa na msimamizi wa mfumo kutoka Dar es Salaam, dada wa miaka kama thelathini, raba nyeupe, kompyuta mpakato mgongoni. Alitugawia kila mtu kishikwambi na mashine ndogo ya kutolea tiketi. Wengine walinung'unika. Mimi nilikaa mbele kabisa. Nilikuwa nimechoka kuapiwa mama za watu.

Na niseme wazi, niliupenda mfumo ule. Siku ya kwanza niko dirishani Kibondo, natazama kioo, viti vyote vya kijani, mara kiti namba kumi na mbili kikageuka chekundu chenyewe. Nilimpigia wakala wa Kasulu pale pale.

"Umeuza kumi na mbili sasa hivi?"

"Nimeuza, hata risiti sijamkabidhi. Umejuaje, dada?"

Nilicheka mpaka muuza chapati wa jirani akaja kuuliza kuna nini. Miaka yote ile ya kusomeana viti, miaka ya "umesema saba au umesema sita", imekwisha. Mtu wa Titye, kule upande wa Kasulu, anakata tiketi kwa simu yake akiwa shambani kwake, na mimi huku Kibondo nakiona kiti chake kinajaa. Tangu siku ile hakuna watu wawili waliopanda na kiti kimoja kwenye basi letu. Nilijiona nimepandishwa cheo, ingawa hakuna aliyenipandisha.

Kasoro ilikuwa moja. Kila aliye na simu aliweza kununua kiti chochote, na tatu na nne, kwa kuwa viko mbele, ndivyo vilivyokwenda kwanza. Wiki ya kwanza tu alikuja mama na mtoto aliyeungua maji ya moto, barua ya rufaa mkononi, na basi zima jekundu. Nilipanda mwenyewe ndani ya basi nikaomba mtu ampishe. Nilikodolewa macho na abiria wote kabla kijana mmoja hajainuka. Nikampigia yule msimamizi wa mfumo.

"Mama, hicho kitu mfumo hauna," alisema. "Kiti ama kimeuzwa, ama hakijauzwa."

"Na cha mtu ambaye bado hajajua kwamba atasafiri?"

"Huyo mfumo haumjui, mama."

Mimi namjua. Bibi yangu alikuwa hapakui chakula chote. Kwetu kuna nyumba nyingi za namna hiyo. Chungu kinabakishwa kidogo kwa mgeni ambaye hakusema anakuja, na watoto mkililia kile kilichobaki mnachapwa. Sasa mfumo uliruhusu wakala kumwekea mtu nafasi mpaka basi litoke Kasulu, mradi uandike jina lake na namba ya simu. Bila jina haukubali. Nikaandika jina la bibi kwenye namba tatu. Namba nne nikamwekea babu. Simu nikaweka yangu. Wote wawili wamelala Busunzu kwa miaka mingi, na wakati wa uhai wao hawakuweza kukaa benchi moja bila kugombana, lakini mimi niliwakalisha pamoja kila siku, safari ya kwenda Mwanza. Alfajiri akija mwenye shida namtoa bibi au babu, naandika jina la mtu halisi na simu yake. Asipokuja, nawafuta wote wawili na kuuza.

Nilifanya hivyo karibu mwaka mzima na nililala usingizi mzuri.

Hata wakala wa Kasulu alinufaika. Kwake wanakuja wakimbizi wa Kongo kutoka kambi ya Nyarugusu wenye vibali vya kwenda hospitali, na mara nyingi walikuta basi limejaa. Akikwama ananipigia, ananibembeleza kwa kile Kiswahili chake cha Tanga, namsema kidogo, kisha namtoa babu anakaa Mkongo.

Siku moja ujumbe ukaingia kwenye simu yangu. Hongera, unasema. Wewe na mwenzi wako ndio abiria wetu bora wa mwaka. Nilidhani ni matapeli, nikafuta. Kesho yake yule msimamizi wa mfumo akanipigia amefurahi kweli. Kule makao makuu waliuambia mfumo utafute abiria aliyesafiri mara nyingi kuliko wote, nao ukawatolea watu wawili wa Kibondo wenye majina ya kizamani na simu moja, wakadhaniwa ni wazee, mke na mume, wanaokwenda Mwanza kila siku ya Mungu, viti jirani, hawajakosa hata Krismasi. Mfumo ulihesabu waliowekewa nafasi. Haukuwaondoa waliofutwa baadaye.

"Ofisi nzima inawazungumzia, mama," alisema. "Mapenzi ya wazee! Nakuja mwenyewe kuwapa zawadi na kuwapiga picha. Utawaita hapo ofisini?"

Mdomo wote huu nilio nao, siku ile ulitoa neno moja. Nilijibu, "Karibu."

Alifika na basi la asubuhi pamoja na wakala wa Kasulu, ambaye alikuwa amebebeshwa mfuko wa zawadi na alikuwa hawezi kunitazama usoni. Ndani mlikuwa na mablanketi mawili, miavuli miwili yenye rangi za kampuni, na tiketi za bure za kwenda popote.

"Shikamoo mama. Wazee wetu wako wapi?"

"Marahaba. Wako Busunzu."

"Wagonjwa?"

"Wamekufa, mwanangu. Bibi alitangulia, babu akamfuata. Wewe ulikuwa hujaanza shule."

Nikamweleza kila kitu. Sikupamba wala kulia. Nilimwona akiweka mwavuli chini taratibu, akafungua kompyuta, akaanza kupitia zile safari moja baada ya nyingine. Kila siku bibi, kila alfajiri bibi anafutwa na anaingia mtu mwingine. Akampigia bosi wake Dar es Salaam, akaweka sauti ya wazi. Bosi hakuhitaji maelezo marefu. Anayeshikilia viti kwa majina ya uongo na kuvitoa dakika ya mwisho ni mlanguzi wa tiketi, alisema, anawauzia wenye shida kwa bei ya juu.

"Mfungie," akasema. "Leo hii."

Akabonyeza. Nikatazama kishikwambi changu: Huruhusiwi kuingia. Kazi yangu yote, jina langu lote hapa mjini, na vile viti viwili, vikaishia kwenye maneno mawili. Hasira ikanipanda. Hasira yangu ni mbaya, watoto wangu watakwambia, lakini ile ilinisaidia.

"Mlanguzi?" nikamwambia. "Majina ya waliokaa yamo humo humo kwenye mfumo wako. Namba zao zimo. Chagua wewe mwenyewe, mimi sikuchagulii. Wapigie uwaulize niliwatoza nini."

Alinitazama kidogo. Kisha akavuta stuli, akachagua namba, akapiga huku sote watatu tunasikiliza.

Wa kwanza alisema hana hela ya kutuma kwenye namba yoyote, tukatafute wajinga wengine, akakata.

Wa pili alipokea akiwa shambani, upepo unasikika. "Ego, ndiyo, ni miye. Mke wangu alikuwa na tumbo, nikampeleka Mwanza wakamfanyia operesheni. Amepona, yuko hapa anapalilia maharage. Yule mama wa tiketi? Alinifokea sana! Alisema nimechelewesha mgonjwa, akili yangu iko wapi. Halafu akatupa viti viwili, mke wangu na miye."

"Alikutoza kiasi gani?"

"Nauli ileile ya kila mtu. Nilitaka kumpa kuku, akasema kuku hapandi basi." Kisha akauliza, "Kwani yule mama amepata shida? Semeni, nije na wenzangu."

Msimamizi alisema hapana, hakuna shida, akakata simu. Hakunitazama. Akachagua namba nyingine, kutoka miezi ya nyuma kabisa. Ikapokelewa na mwanamke, sauti ya kambini.

"Bonjour. Ndiyo, ni mie, niko Nyarugusu. Mutoto wangu alikuwa na rendez-vous kwa docteur wa macho ku Mwanza, na permis ya kutoka kambi ilikuwa ya siku chache tu. Pale Kasulu basi ilikuwa imejaa. Ule papa wa duka ya vitenge akapigaka simu ku Kibondo, nikasikia mama anamukaripia, anamukaripia, kisha akasema sawa, mupe place. Mie simujui ule mama. Sijamuonaka hata siku moja. Mutoto sasa anasoma ubaoni. Mumwambie aksanti."

Wakala wa Kasulu, ambaye tangu asubuhi alikuwa anachezea kamba ya ule mfuko, akainuka.

"Ukimfungia huyu, nifungie na mimi," alisema. "Kile kiti niliomba mimi. Wala si mara moja. Wallahi, dada huyu sijapata kumsikia akiomba hata soda. Niliogopa kusema mapema, na hilo ni kosa langu, nisamehe dada."

Nilifuta macho kwa ncha ya kanga na kusingizia vumbi, na lami iko pale nje.

Msimamizi akafunga kompyuta nusu. Nilitegemea pole. Akaniuliza swali. "Nani anaamua kwamba mtu ana shida ya kweli, mama?"

"Mimi."

"Na siku ukiumwa?"

Miaka yote ile nilikuwa nimevishika viti kwa mkono wangu mwenyewe, sikuwahi kujiuliza mkono ukichoka itakuwaje. Yule dada alikuwa na haki ya kuuliza. Nilimchukia kwa dakika moja, kisha nikamwagizia chai.

Tukakaa sisi watatu mpaka saa tisa. Alitaka kanuni, kitu ambacho mfumo unaweza kukielewa. Ni nani anapewa? Mwenye msiba, nikasema. Unathibitishaje msiba? Jina la mwenyekiti wa kitongoji na simu yake. Mgonjwa? Barua ya rufaa, ionyeshe tarehe. Wakala wa Kasulu akaleta habari ya mwanafunzi aliyechelewa mtihani, tukabishana karibu nusu saa, mimi nasema mwanafunzi angeamka mapema, yeye ananiuliza kama sijawahi kuwa mtoto. Mwanafunzi akaachwa. Mpaka lini? Mpaka basi litoke kituo linakoanzia, kisha kiti kirudi kwa wote. Nani ataona? Kila wakala, barabara nzima, ili asiwepo mtu wa kusema tunaficha. Yule dada aliandika yote, akarudia kunisomea, akanisahihisha na mimi nikamsahihisha. Nilikuwa nimefungiwa mfumo, lakini siku ile nilikuwa natunga mfumo.

Akaondoka na kompyuta yake. Mablanketi aliyaacha. Hakuniahidi chochote.

Siku tisa nilikaa dirishani bila kazi. Niliwaelekeza watu wampigie wakala wa Kasulu, naye alinikatia tiketi za watu wangu mpaka sauti ikamkauka. Wengine walinong'ona kwamba nimefukuzwa kwa wizi. Niliwasikia. Nilifungua dirisha saa ileile ya kila siku, nikavaa gauni zuri zaidi ya kawaida, nikakaa.

Siku ya kumi asubuhi kishikwambi kilipiga mlio. Niliandika nywila yangu, na kikafunguka. Juu kulikuwa na tangazo kwa mawakala wote wa kampuni: kuanzia leo, kwenye kila basi na kila njia, viti namba tatu na nne ni viti vya dharura. Chini yake zilifuata kanuni zetu, neno kwa neno, mpaka mwenyekiti wa kitongoji. Nikashuka kwenye picha ya basi. Viti vya kijani, viti vyekundu, na pale mbele, nyuma tu ya dereva, viwili vya njano.

Nilisimama. Nilipiga kigelegele kimoja kikubwa, na stendi yote ikageuka. Yule muuza chapati akaacha kikaango akaja mbio.

"Kuna nini tena?"

"Tazama rangi hiyo!" nikamwambia. "Tazama!"

Alitazama bila kuelewa, lakini naye akapiga kigelegele kwa ajili yangu. Nikampigia wakala wa Kasulu. Kabla sijasema neno alianza kucheka, nikacheka naye, tukacheka kwenye simu watu wazima wawili bila kusema lolote la maana.

Watu walikuwa wameshapanga mstari. Niliuza, nikatoa tiketi, nikamkaripia mmoja aliyeleta mbuzi. Halafu jicho likarudi kwenye kioo. Nilikuwa natazama basi la kesho linalorudi kutoka Mwanza kuja huku. Kiti namba tatu kilikuwa cha njano, na pale pale nikitazama kikageuka chekundu. Nikakigusa kuona. Aliyekitoa alikuwa wakala wa Geita, mtu ambaye sijawahi kumwona wala kusikia sauti yake. Mahali pa sababu alikuwa ameandika: abiria anawahi mazishi ya mama yake, Busunzu, saa kumi.

Mtu huyo atawahi. Sikuombwa, sikumpigia mtu simu, sikumkalia mtu kooni, na bado atawahi kumzika mama yake.

"Mama, vipi, unauza au huuzi?" akauliza wa mbele kwenye mstari.

"Nauza," nikamwambia. "Sogea. Unakwenda wapi?"